Hoja za eneokazi zikifikishwa Ololosokwan

Shule inapopata kompyuta, uamuzi wa mfumo gani uwekwe humo hufanywa na watu wachache kwa hoja chache, na hoja hizo ni zilezile kuanzia Dar es Salaam hadi Arusha. Mmezisikia. Zinatolewa kwenye vikao vya kamati za shule, kwenye semina za TEHAMA, na midomoni mwa mafundi wanaotembea na flashi mbili mfukoni, moja ya Windows na nyingine ya Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Nimezifuatilia za pande zote: za wanaotaka Windows, na za mashabiki wa Linux wenyewe, ambao wakishakubaliana juu ya Linux huanza kugombania eneokazi. Eneokazi ni ule uso wa kompyuta unaokutana nao ukishaiwasha, yaani menyu, upau, madirisha na ikoni. Windows ina uso mmoja. Linux ina nyuso nyingi: GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon, MATE, LXQt. Nitaziweka hoja mbele yenu kama wenyewe wanavyozisema, kisha nitaweka ushahidi. Hukumu ni yenu.

Nazipimia Ololosokwan kwa makusudi. Kijiji hiki kiko kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro, katika tarafa ya Loliondo, jirani na mpaka wa Kenya na lango la Klein la Hifadhi ya Serengeti. UNESCO na kampuni ya Samsung walikifanya kijiji cha kidijitali, chenye darasa la intaneti linaloendeshwa kwa umeme wa jua. Kusini, katika wilaya jirani ya Karatu, taasisi ya Powering Potential, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Janice Lathen baada ya kufika Shule ya Sekondari Banjika, imekuwa ikifunga vyumba vya kompyuta za Raspberry Pi zinazotumia sola, na Raspberry Pi huendeshwa kwa Linux. Kwa hiyo jambo hili limeshafika kwetu. Mtoto wa Ololosokwan kwa kawaida husema Kimaasai nyumbani, hukutana na Kiswahili darasani, na Kiingereza kinamjia cha tatu. Kompyuta moja hutumiwa na wanafunzi wengi. Ikiharibika, fundi yuko Wasso, Karatu au Arusha. Hoja isiyosimama katika hali hiyo haifai kuamulia shule zetu, hata kama inapendeza mezani kwa mtu mwenye kompyuta yake peke yake.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ile ya ajira. Inasemwa hivi: ofisini mwanafunzi atakuta Windows, basi afundishwe Windows, eneokazi la Linux litampotezea muda. Tuitendee haki. Ni kweli kwamba kompyuta nyingi za ofisi na za steshenari nchini zina Windows. Ni kweli pia kwamba hati ya Word yenye majedwali mengi, ikifunguliwa na LibreOffice, mara nyingine huvurugika mpangilio. Lakini hilo la pili ni suala la programu ya kuandikia, halihusu eneokazi hata kidogo, na wanaolitaja huyachanganya mawili hayo ili moja libebe lingine.

Tuangalie la kwanza. Windows gani? Mwanafunzi aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2010 alifundishwa XP au Windows 7, zenye menyu ya Start kwenye kona ya chini kushoto. Mwaka 2012 Windows 8 ikaja bila kitufe cha Start. Mwaka 2013 toleo la 8.1 likakirudisha kitufe bila menyu ya zamani. Mwaka 2015 Windows 10 ikaileta menyu kwa sura nyingine, na mwaka 2021 Windows 11 ikaihamishia katikati ya skrini. Kabla kijana huyo hajafika hata mwaka wa pili wa chuo kikuu, uso aliofundishwa kwa sababu ndio atakaoukuta kazini ulikuwa umeshabadilishwa mara tatu. Kama hoja ni kwamba mtu hawezi kuhama kutoka uso mmoja kwenda mwingine, Microsoft wenyewe wameivunja. Kama anaweza kuhama, basi anaweza kuhama pia kutoka Xfce. Haiwezekani kushika yote mawili.

Kisha tuangalie kazi yenyewe inafanyika wapi. Mtumishi anayeomba uhamisho anaingia ESS. Mzabuni anaingia NeST. Mhasibu wa halmashauri anaingia MUSE. Anayetafuta kazi anajaza maombi Ajira Portal, na anayetafuta mkopo wa elimu ya juu anajaza OLAMS ya HESLB. Mifumo yote hii hufunguliwa kwa kivinjari, na Firefox kwenye Linux ni Firefox ileile. Mwanafunzi anayejua kuandika anwani ya tovuti, kupakia cheti kilichoskaniwa, kujua faili limehifadhiwa folda gani na kubadilisha nywila ameshapata sehemu kubwa ya anachotakiwa kujua siku ya kwanza kazini. Anayejua kitufe cha Start kiko wapi bado hajapata kitu.

Liko jambo zito zaidi ambalo watetezi wa hoja hii hawaligusi. Kompyuta nyingi zinazofika shule za pembezoni ni za mtumba. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inadai kwa jumla prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine za zamani kuliko hapo hazina njia rasmi ya kuhamia Windows 11. Kinachotokea tunakijua: fundi anapiga Windows ya kukreki, masasisho yanazimwa ili isidai leseni, na flashi za wanafunzi zinahamisha virusi kutoka mashine hadi mashine. Hoja iliyoanza kwa kudai tufundishe kilicho rasmi inaishia kufundisha nakala ya wizi isiyolindwa. Mizani yangu hapo imeshalala upande mmoja.

Hoja inayofuata inatoka kambi ya Linux: basi tuchague eneokazi linalofanana zaidi na Windows, yaani Linux Mint yenye Cinnamon, kwa kuwa ndilo litakalokuwa rahisi. Cinnamon ni kazi nzuri. Ilianzishwa na Clement Lefebvre na wenzake wa Mint mwaka 2011, walipokataa mwelekeo mpya wa GNOME, na siwezi kumlaumu mtu anayeitumia. Ila sababu inayotolewa ina tobo. Inadhani mwanafunzi tayari anaijua Windows. Mtoto wa Ololosokwan skrini yake ya kwanza ni simu, ya batani au ya Android. Kwake menyu ya chini kushoto si kitu alichokizoea; ni kitu kipya kama kingine chochote. Kufanana kunamsaidia mwalimu aliyesomea Windows, na hilo ni faida halisi, kwa sababu mwalimu ndiye atakayesimama mbele ya darasa. Basi lisemwe hivyo, kwamba eneokazi hili ni rahisi kwa mwalimu. Tusimsingizie mwanafunzi. Tena kufanana kuna gharama yake: anayeamini yuko kwenye Windows atatafuta diski C na hataiona, atabofya faili la exe kutoka kwenye flashi na halitafunguka, kisha atahitimisha kwamba kompyuta ni mbovu.

Sasa GNOME, na hapa nitakaa. Hoja yao ni hii: eneokazi zuri ni lile lililopunguzwa. Ondoa vitufe visivyo vya lazima, ondoa ikoni mezani, ondoa upau wenye orodha ya madirisha, mtumiaji abaki na kazi yake tu. Hoja hii haikuokotwa. Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwakalisha watu mbele ya GNOME, ikaandika walipokwama na kuchapisha matokeo, na mwaka uliofuata mradi ukatoa mwongozo wake wa usanifu. Ndiyo nidhamu iliyozaa GNOME 2, eneokazi lililopendwa na wengi mno. Hadi leo GNOME ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi na Orca, programu inayomsomea skrini mtu asiyeona, na shule yenye mwanafunzi asiyeona ina sababu ya kutosha kuichagua. Hilo silipingi.

Ninachopinga ni dai kwamba GNOME ya leo ni rahisi kwa anayeanza. Chukueni mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mkalisheni mbele ya GNOME kama inavyotoka kwa walioitengeneza, bila nyongeza. Amefungua programu ya kuandika. Dirisha limejaa skrini. Mwalimu anasema: sasa fungua folda ya picha, kisha urudi kwenye barua yako. Anatafuta. Chini hakuna upau. Juu ya dirisha kuna kitufe kimoja tu, cha kufunga, kwa sababu vile vya kushusha na kukuza dirisha viliondolewa katika GNOME 3 mwezi Aprili 2011. Kwenye kona ya juu kushoto zamani kulikuwa na neno moja la Kiingereza, ambalo aliyelisoma angeweza kulijaribu. Tangu toleo la 45, Septemba 2023, hata neno hilo limeondolewa, pakawekwa kistari kinene na kinukta. Hakuna kinachomwambia mtoto kwamba pale ndipo pa kubofya. Anachokiona ni kitufe cha kufunga. Anakibofya. Programu inamuuliza kama anataka kuhifadhi, kwa lugha yake ya tatu. Makosa hapo si ya mtoto: kila kitu alichohitaji kipo, lakini kimefichwa nyuma ya ishara ambayo lazima uambiwe kwanza ndipo uijue. Urahisi unaohitaji mtu wa kukuambia unamfaa aliyekwishaambiwa. Kwenye chumba cha wanafunzi 40 na mwalimu mmoja, mtu wa kuwaambia wote hayupo.

Watetezi watajibu kwamba kona ile ni matumizi sahihi ya kanuni ya Paul Fitts ya mwaka 1954, kwamba shabaha iliyo kubwa na iliyo karibu hufikiwa haraka, na kona ya skrini hufanya kama shabaha kubwa mno kwa kuwa kipanya hakiwezi kuipita. Sahihi kabisa. Lakini tangu GNOME 40 ya Machi 2021, ukishakisukuma kipanya kwenye kona ya juu kushoto, ikoni za programu zinajitokeza chini, katikati ya skrini. Kipanya kinakwenda juu kabisa kuomba, kinashuka chini kabisa kupokea. Kanuni iliyotetea kona ndiyo inayohukumu safari hiyo, na hamwezi kuikubali nusu.

Ushahidi mkubwa zaidi umetolewa na watu wa upande wao wenyewe. Ubuntu ya Mark Shuttleworth, iliyorudi GNOME Oktoba 2017 baada ya kuliacha eneokazi lake la Unity, haijawahi kuitoa GNOME ilivyo. Imeirudishia upau wa ikoni unaoonekana muda wote upande wa kushoto, vitufe vya kushusha na kukuza dirisha, ikoni za mezani na zile ikoni ndogo za juu. Yaani GNOME inayowafikia watu wengi ni ile iliyorudishiwa kilichopunguzwa. Na mtu wa kawaida akitaka kufanya hivyo mwenyewe hutumia viendelezi, yaani programu ndogo za nyongeza, ambavyo huvunjika: toleo la 45 lilibadilisha namna viendelezi vinavyopakiwa, na kila kiendelezi kililazimika kurekebishwa ili kifanye kazi. Kwenye kompyuta ya mhandisi wa Arusha hiyo ni kazi ya jioni moja. Kwenye kijiji ambacho bando hununuliwa kwa kuhesabu, chumba kizima kitasimama.

KDE Plasma inakuja na dai la kinyume: kila kitu kibadilishike, kwa kuwa mtumiaji anajua anachotaka. Mradi huu ulianzishwa na Matthias Ettrich Oktoba 1996, na toleo la Plasma 6 lilitoka tarehe 28 Februari 2024. Nakiri kwamba Plasma ya leo ni nyepesi na imara kuliko sifa mbaya iliyoachwa na KDE 4.0 ya Januari 2008. Tatizo la hoja ni neno mtumiaji, kwa umoja. Kwenye kompyuta inayoshikwa na watoto sita kwa siku, uhuru wa mmoja ni kero ya watano. Wa saa mbili asubuhi anabofya kulia kwenye upau, anaingia hali ya kuhariri, anauondoa. Wa saa nne anakuta skrini tupu. Watetezi husema, kwa haki, kwamba KDE ina mfumo wa Kiosk wa kufunga mipangilio: unaandika alama ya [$i] kwenye faili la usanidi na mtumiaji hawezi kugusa tena. Ni kweli, na ni zana nzuri. Lakini angalieni kilichofanyika. Ili hoja ya uhuru wa kubadilisha iweze kuishi shuleni, imebidi uhuru wenyewe uzimwe na mtu anayejua kuhariri faili la usanidi. Hata jambo dogo kama kufungua faili linasema mengi: kwa miaka mingi KDE ilifungua kwa mbofyo mmoja, kisha Plasma 6 ikahamia mibofyo miwili kama wengine. Kama kubadilishika kungekuwa jibu, hali ya msingi isingekuwa na uzito kiasi cha kubadilishwa. Walijua watu wengi hubaki na walichopewa.

Wa nne katika kambi ya Linux ni watu wa wepesi. Wanasema: weka Xfce au LXQt, kompyuta yoyote ya zamani itafufuka. Mimi mwenyewe nitawashauri Xfce, kwa hiyo nina wajibu wa kuikataa sababu hii hadharani. Eneokazi jepesi linaokoa mamia ya megabaiti za RAM. Kwenye mashine ya gigabaiti 2 huo ni wokovu. Kwenye ya gigabaiti 8 hautauona. Na kwenye mashine zote mbili anayekula kumbukumbu zaidi ni kivinjari. Fungua kurasa tano nzito na mashine ndogo itaganda, eneokazi liwe lipi. Raspberry Pi 3 yenye gigabaiti 1 ina eneokazi jepesi sana, na bado kurasa nyingi zinailemea. Vyumba vya namna ile ya Karatu huwekewa RACHEL, hazina ya masomo ya World Possible inayosomwa bila intaneti, yenye Wikipedia na masomo ya Khan Academy ndani. Maudhui yaliyoandaliwa ndiyo yaliyopunguza mzigo. Hali kadhalika mashine za biti 32: Ubuntu ya kawaida ilishaziacha, na Debian, aina nyingine ya Linux, tangu toleo la 13 la Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Wepesi wa eneokazi hautaifufua mashine ambayo mfumo wenyewe haukubali kuingia.

Raspberry Pi inatupa somo jingine, na kwangu ndilo kiini cha shauri hili. Mwaka 2016 eneokazi lake lilitolewa kwa sura mpya juu ya eneokazi jepesi la LXDE: upau juu, menyu kona ya kushoto, orodha ya programu kwa makundi. Oktoba 2023 mitambo ya ndani ikabadilishwa, madirisha ya mashine mpya zaidi yakasimamiwa na Wayfire kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Oktoba 2024 ikabadilishwa tena, ikaja labwc. Mitambo ya madirisha ikang'olewa mara mbili ndani ya takriban mwaka mmoja, na mwanafunzi aliyejifunza 2016 akikaa leo anakuta menyu palepale. Wasanifu waliamua kwamba mabadiliko ni mzigo wa kubebwa na wao, mtoto asiubebe. Mnapoambiwa eneokazi fulani ni la kisasa zaidi, ulizeni mzigo wa usasa huo unabebwa na nani.

Hoja ya Torvalds nitaipitia haraka. Husemwa kwamba hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliikataa GNOME 3 mwaka 2011 akahamia Xfce. Alifanya hivyo. Mwaka 2013 alirudi GNOME, akiwa na viendelezi. Anayemtumia kama shahidi wa 2011 amkubali pia akiwa shahidi wa 2013. Na kwa vyovyote, mtu aliyeandika kiini cha mfumo hawezi kuwa kipimo cha mtoto anayeshika kipanya mara ya kwanza.

Wengine husema maeneokazi ni mengi mno, na wingi huo ndio ulioiua Linux mezani: kila mtu na lake, nguvu zimetawanyika. Iko chembe ya ukweli kwa upande wa watengenezaji, kazi hurudiwa. Lakini mwanafunzi wa Ololosokwan haoni wingi wowote. Anaona uso mmoja, ule uliowekwa. Anayeuona wingi ni fundi na kamati, na kwao wingi ni bima. GNOME 2 ilipofikishwa mwisho mwaka 2011, waliokuwa wameizoea waliichukua, wakaiita MATE, na ipo mpaka leo. Windows 7 ilipofikishwa mwisho tarehe 14 Januari 2020, aliyeipenda hakuweza kuichukua na kuiendeleza. Na wanaosema Linux haiwezi kushika taasisi kubwa kwa sababu ya wingi huu wana kazi ya kueleza Gendarmerie ya Ufaransa, inayotumia Ubuntu tangu 2008, na jimbo la Kerala nchini India, ambako mwaka 2019 mfumo wa Linux ulikuwa unapelekwa kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 za shule.

Kerala inatufikisha kwenye hoja inayoniuma kuliko nyingine, kwa kuwa inatolewa na Waswahili wenyewe. Inasema: eneokazi la Kiswahili halihitajiki, maneno yake ni magumu kuliko ya Kiingereza, na sekondari wanasoma kwa Kiingereza, basi wazoee mapema. Nimeisikia kwa walimu ninaowaheshimu. Inasimama juu ya nguzo mbili, na zote ni dhaifu.

Nguzo ya ugumu wa maneno inaangushwa na simu. M-Pesa ya Vodacom ipo Tanzania tangu 2008. Mfugaji anayeuza ng'ombe mnadani anapokea na kutoa fedha kwa menyu ya Kiswahili: tuma pesa, toa pesa, ingiza namba ya siri, thibitisha. Hiyo ni menyu ya maneno iliyopangwa kwa namba, haina picha hata moja, na inabeba fedha za watu wasiomudu kukosea. Facebook ipo kwa Kiswahili tangu 2009. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya it46 ya Sweden ulishatoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Maneno yapo, yamekuwepo kwa zaidi ya miaka 20. Yanayoonekana magumu ni yale ambayo mtu hajayatumia, na hajayatumia kwa sababu tunamnyima.

Nguzo ya Kiingereza cha sekondari inasahau kwamba shule za msingi za serikali kwa kawaida zinafundisha kwa Kiswahili, na kompyuta zinafika huko pia. Na hata sekondari, mtoto anayejifunza dhana ya folda, ya kuhifadhi, ya nakala, kwa lugha anayoielewa, atalijua neno la Kiingereza la dhana hiyo kwa siku moja. Anayelipokea neno bila dhana atakariri mahali pa kubofya, na kitufe kikihama naye anapotea. Kerala walielewa hili: watoto wao wanaweza kutumia kompyuta kwa Kimalayalam, lugha ambayo nje ya jimbo lao na maeneo jirani haina eneo kubwa. Kiswahili kina nchi nzima kadhaa.

Katika hoja ya Kiswahili lipo pingamizi moja ninalolikubali. Hakuna hata eneokazi moja kati ya haya lenye tafsiri kamili ya Kiswahili, na uso uliotafsiriwa nusu, menyu Kiswahili na onyo Kiingereza, unachanganya. Ni kweli. Ila ukiona kazi haijamalizwa, jibu ni kuimaliza. Na hapo Xfce ina faida ambayo mashabiki wake hawaitaji: ni ndogo. Ina maneno machache ya kutafsiri kuliko KDE au GNOME, na tafsiri zake hufanyika kwenye jukwaa la Transifex, ambalo mtu yeyote anaweza kujiunga nalo. Idara moja ya Kiswahili katika chuo kimoja, ikiwa na wanafunzi wake na mtaalamu mmoja wa kompyuta, inaweza kuifanya.

Basi kwa chumba cha kompyuta cha Ololosokwan, kwa mashine za mtumba au mpya za bei nafuu, ushauri wangu ni Xfce juu ya Debian, upau ukiwa umefungwa usiguswe, na vitufe vikiwa na maandishi. Ina kasoro. Kingo za madirisha yake ni nyembamba mno, kuzishika kwa kipanya ni shida, na mwalimu lazima awafundishe watoto kushika Alt na kuburuta kwa kitufe cha kulia. Wayland kwake bado ni majaribio hata kwenye toleo la 4.20 la Desemba 2024. Lakini orodha ya madirisha yaliyo wazi inaonekana, kitufe cha kushusha dirisha kipo, menyu ina jina, na aliyeijua miaka kumi iliyopita hatapotea leo.

Msinikubalie kwa maneno. Ewe mjumbe wa kamati ya shule, kabla hujasaini hati ya kupokea kompyuta, mkalishe mtoto ambaye hajawahi kushika kipanya. Mwambie afungue programu ya kuandika, aandike jina lake, alihifadhi, afungue folda nyingine, arudi kwenye jina lake, kisha azime mashine. Usimwelekeze kwa kidole. Andika kila mahali alipokwama. Fanya hivyo kwa kila eneokazi unaloletewa, na uamuzi uufanye kwa karatasi hiyo.